Mpishi wa Nyumba ya Shirimatunda

Kila asubuhi alipita koridoni akigonga milango yetu kwa mwiko. Aligonga mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeamsha wageni: "Chai ipo mlangoni. Na maji ya moto ya kunawa." Ukifungua unakuta kweli kikombe cha bati kimefunikwa kwa kisosi, na pembeni beseni la plastiki linafuka mvuke. Hivyo ndivyo wapishi wa Mlima Kilimanjaro wanavyowaamsha watalii kwenye mahema, naye alikuwa amefanya kazi hiyo mlimani kwa miaka mingi kabla hajaja kutupikia sisi.

Sisi tulikuwa wanaume wanane katika nyumba ya Shirimatunda, nje kidogo ya mji wa Moshi. Ilikuwa nyumba ya watu wanaoacha pombe na unga. Kwenye barua iliandikwa "nyumba ya upataji nafuu", mtaani waliiita nyumba ya mateja, na wenyewe tuliiita soba. Mtu alitoka hospitali, akaja kukaa pale miezi kadhaa, akijifunza tena kulala, kuamka, kufua, kulima bustani na kukaa na wenzake bila kitu mwilini. Ilisimamiwa na mama mmoja, nesi mstaafu, ambaye tulimwita Msimamizi. Yeye alishika ratiba, dawa na sheria. Mpishi alishika kila kilichobaki.

Wiki ya kwanza niliona ananidhihaki. Mimi, niliyezoea kuamkia mtaroni nyuma ya kilabu, naletewa maji ya moto mlangoni? Siku ya tano nikamwuliza.

"Mpishi, kwa nini unatufanyia hivi?"

"Vipi?"

"Kama watalii."

Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua macho. "Mtalii analipa ili ateseke siku sita. Wewe umeteseka miaka kumi bila kulipwa. Nani anastahili chai zaidi?"

Jina lake sitalitaja, na hata pale ndani sikumbuki mtu aliyelitumia. Wote tulimwita Mpishi. Wachagga wenzake walimwita pia meku, yaani mzee, lakini alipokuwa mbali tu, maana hakupenda kuitwa mzee. Ukimwamkia "shikamoo" aliitikia "marahaba" haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo hilo lipite. Mimi aliniita Fundi, kwa sababu nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha sukari kule tambarare kabla pombe haijanitoa kazini. Mke wangu alikuwa amemchukua binti yetu na kwenda kukaa kwa kaka yake, Kahe. Hayo Mpishi aliyajua siku niliyofika, na hakuyataja mpaka mimi mwenyewe nilipoyataja.

Alikuwa mwongo, hilo niliseme mapema. Kwenye mambo ya kuacha pombe hakuvumilia uongo hata wa ukubwa wa punje, mtu akisema amelala vizuri na macho mekundu, Mpishi alimwambia mbele ya wote, "Sema tena, safari hii kweli." Lakini hadithi zake za mlimani zilikuwa nyingine. Alidai aliwahi kumpikia mfalme. Jumatatu mfalme alikuwa wa Ulaya, Alhamisi alikuwa wa Asia, na mara moja alikuwa malkia. Alidai aliwahi kuoka keki ya harusi juu ya jiko la mafuta ya taa huku theluji ikianguka, na bwana harusi akalia. Tukimbana, alisema, "Nyinyi mlikuwepo?" Hakuna aliyekuwepo. Basi keki ikabaki palepale.

Jambo moja hakulidanganya, nalo lilinishangaza kuliko yote. Miaka yote ile mlimani hakuwahi kufika kileleni. Mpishi hubaki kambini, akichemsha supu ya wale wanaoshuka wamechoka. Aminieli, mwenzetu wa chumba cha mwisho, alimwambia siku moja kwamba ni aibu Mchagga wa Mwika kuutazama mlima kila siku na asiujue juu kukoje.

"Najua juu kukoje," Mpishi akajibu. "Nimewaona wote walioshuka kutoka huko. Wanatapika, wanalia, wanaomba supu."

Jikoni alikuwa mkali. Alivaa aproni nyeupe aliyoipiga pasi kila jioni, na juu yake koti jekundu aliloachiwa na mtalii, lenye jina la kigeni kifuani ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Ukikata kitunguu vipande visivyolingana alikutoa jikoni. Alimtoa Aminieli mara tatu kwa siku moja. Karoti zilipangwa kwa urefu. Sufuria ilirudi msumari wake uleule. Akiimba nyimbo za kanisani wakati wa kupika, aliimba kwa sauti ya pili yenye nguvu na maneno yasiyo sahihi, na mtu akimsahihisha aliongeza sauti.

Lakini mtu huyohuyo asiyevumilia kitunguu kilichokatwa vibaya alivumilia watu kwa namna ambayo sijaiona tena. Aminieli alipofika alikuwa ametoka kutumia unga, na ingawa hospitali walikuwa wamempunguzia makali, arosto bado ilikuwa ikimrudia: mifupa inauma, jasho, hasira, haja ya kukimbia. Asubuhi moja alirusha bakuli la mtori ukutani. Mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama, na ule ulikuwa umechemka tangu alfajiri. Ukateremka ukutani polepole. Sisi tulisimama. Mpishi akachukua bakuli jingine, akateka, akaliweka mbele yake.

Aminieli akalirusha na hilo.

Mpishi akachota la tatu. "Huu ndio mwisho wa sufuria," akasema. "Ukiurusha, mimi na wewe tutalala njaa. Wenzako wameshakula." Akakaa mkabala naye, mikono juu ya meza, bila bakuli lake mwenyewe.

Hatimaye Aminieli akasukuma bakuli katikati ya meza na kuomba kijiko cha pili. Wakala pamoja. Kisha Mpishi akampa kitambaa, akamwonyesha ukuta, na wote wawili wakaufuta, Mpishi akisafisha juu kwa kuwa alikuwa mrefu. Ukuta ulibaki na alama, na Msimamizi alipotaka upakwe rangi, Aminieli ndiye aliyeomba kuupaka.

Mimi na Mpishi tuligombana kuhusu mlenda. Mimi ni Mnyaturu wa Singida. Kwetu ugali wa uwele na mlenda, ile mboga ya majani inayovutika, ndicho chakula. Ndizi ni kitu cha kula njiani. Pale Shirimatunda kulikuwa na ndizi asubuhi, mchana na jioni: mtori, machalari, kiburu chenye maharage, ndizi za kuchemsha na maziwa mgando. Mwezi wangu wa pili nikalalamika. Siku ya tatu Mpishi akaniwekea bakuli lililofunikwa.

"Mlenda," akasema.

Nilifunua. Alikuwa ametia tangawizi, karoti za vipande vinavyolingana, na maziwa. Nilionja kwa adabu.

"Vipi?"

"Mpishi, huu si mlenda."

"Ni nini?"

"Sijui. Lakini si mlenda."

Alinuna mpaka Jumapili. Alijaribu tena wiki iliyofuata, akaharibu kwa namna nyingine. Nilimwambia aache tu, nimeshazoea ndizi. Akasema yeye ndiye anayeamua lini aache.

Mwezi wangu wa nne niliteleza. Wengine husema "nilirudi nyuma". Sisi tulisema kuteleza. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kwenda Kahe kumwona binti yangu. Nilinyoa, nikapiga pasi shati, nikamnunulia madaftari. Nilipofika barabarani karibu na nyumba ya shemeji yangu, yeye mwenyewe akanipokea, akanisalimia vizuri, akaniambia kwa upole kwamba dada yake bado hajawa tayari, nirudi siku nyingine. Hakunitukana. Pengine angenitukana ningekasirika nikaondoka. Nilimpa yale madaftari, nikarudi hadi njia panda, nikaingia kibanda cha pombe. Nilitoka humo baada ya siku mbili.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa mbele ya geti la Shirimatunda. Msimamizi alitoka. Alinikagua macho, akaninusa bila kuficha.

"Unaijua sheria," akasema.

"Naijua, mama."

"Kwanza kituo cha afya wakupime. Kisha siku saba nje. Siku ya nane ukija mkavu, kitanda chako kipo. Sikufukuzi, unanisikia? Nakuambia siku ya kurudi."

Alimwambia mlinzi anipeleke. Kituoni wakanipima, wakanipa dawa na maji, wakasema naweza kwenda. Nikarudi, nikakaa kwenye kalavati mkabala na geti, kwa kuwa sikuwa na ndugu Moshi na sikujua pa kwenda. Nilijua tu kwamba nikivuka barabara kubwa nitakunywa tena.

Geti likafunguka. Mpishi akatoka na vigoda viwili mkono mmoja, mkungu wa ndizi begani, na visu viwili mfukoni mwa aproni. Akaweka vigoda kando ya kalavati.

"Mpishi, utagombana na Msimamizi," nikasema.

"Sheria inasema wewe usiingie. Haikusema mimi nisitoke." Akanipa kisu kilicho butu. "Menya."

Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Nilimenya ndizi moja wakati yeye akimenya sita. Hakusema kitu kuhusu ubovu wa kazi yangu, ambayo siku nyingine ingenitoa jikoni. Watu walipita, wakatuangalia. Yeye akawaamkia wote.

Tulipofika katikati ya mkungu akaanza kusimulia, na safari hii hapakuwa na mfalme.

Alisema alikuwa mlevi wa miaka mingi, kwanza mbege ya nyumbani, kisha gongo, na mlimani alipanda na chupa ndani ya gunia la unga wa ngano. Safari moja alilewa kambini na hakuchemsha maji ya kunywa. Aliyateka mtoni, akayatia kwenye chupa za watu hivyo hivyo, akalala. Watalii waliumwa tumbo, wakapona. Lakini mmoja wa wapagazi, wale wanaoitwa wagumu kwa sababu ya mizigo wanayobeba, aliishiwa nguvu kabisa. Wenzake wakamshusha kwa machela.

"Alikufa?" nikamwuliza.

"Hakufa. Yupo, ana ng'ombe watatu sasa. Lakini nilitembea nyuma ya ile machela kutwa nzima. Miguu yake ilikuwa imetoka kwenye blanketi, inanitazama. Soksi zilikuwa na matundu. Kila hatua naziona." Akamenya ndizi moja polepole. "Yeye aliponisamehe, mimi nilikunywa mwaka mwingine mzima. Usifikiri nilishuka nikaacha. Niliacha mara tano, nikateleza mara tano, Fundi. Ya sita ndiyo hii."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja. Lakini ya sita bado inaweza kuteleza. Menya."

Tukamaliza mkungu. Akainuka akishika goti, akaenda kuzungumza na mchungaji wa usharika wa jirani, na jioni ile nikapata kitanda katika chumba cha mlinzi wa kanisa. Siku zote saba Mpishi alinijia kwa miguu na chakula kwenye hotipoti, akilalamika goti, jua, vumbi na ubovu wa njia. Siku ya tatu alifungua hotipoti.

Ulikuwa mlenda. Mlenda wa kwetu, unavutika, na pembeni ugali mweusi wa uwele. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amezunguka soko la Moshi akiuliza kila muuza mboga kama kuna Mnyaturu, mpaka akampata mama mmoja wa Singida, akamfuata hadi nyumbani kwake na kusimama jikoni mwake akiangalia.

Nilikula nikilia. Yeye alitazama dirishani.

"Umezidi chumvi?" akauliza.

"Haujazidi."

"Basi unalia nini?"

Siku ya nane nilirudi, na kitanda changu kilikuwepo.

Nisije nikampaka rangi nzuri tupu. Alikuwa na wivu: Msimamizi alipoleta mwanafunzi wa chuo kutufundisha kuoka mikate, Mpishi aliumwa ghafla siku tatu. Alimchukia ng'ombe wetu mmoja wa maziwa na kumwita "yule mama", ingawa kila nikiamka mapema nilimkuta akimsugua shingo. Na alijua zaidi kuombea wengine msamaha kuliko kuomba wa kwake. Alipokukosea alikuongezea nyama kwenye sahani, ukaelewa.

Majirani hawakututaka. Aliyeongoza alikuwa Mama Neema, wa nyumba ya kushoto, mama mwenye sauti na heshima kanisani. Alikuwa na hoja zake. Mwaka mmoja kabla sijafika, mtu wa nyumba yetu aliruka ukuta wake akamwibia mtungi wa gesi. Walikusanya majina ya waliotaka tuondolewe, wakampelekea mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akaitisha kikao. Mpishi alikwenda kutusemea akiwa na koti jekundu. Tulitegemea atatutetea kwa maneno makubwa.

"Mama Neema anasema kweli," alianza. "Mtungi uliibwa. Mimi nilipaswa kuangalia, sikuangalia. Nyumba yetu ina watu wanane, na mimi wa tisa. Mkituondoa hapa, tutahamia kwa jirani mwingine, naye atakusanya majina." Akakaa.

Mwenyekiti akatoa miezi mitatu ya kutazama mwenendo wetu, kisha kikao kirudi. Njiani nilimwambia Mpishi hakutusaidia hata kidogo. Akasema, "Nilitaka kuongeza la mfalme, nikaona hapafai."

Wiki ya sita ya miezi ile, binti wa Mama Neema alikuwa anapata kipaimara. Uchaggani kipaimara ni sherehe kama harusi ndogo: turubai, mshereheshaji na maspika, keki, ndafu, ndugu kutoka mpaka Dar. Siku yenyewe asubuhi, tukiwa tunanawa, tulisikia geti likigongwa. Ni Mama Neema, kitambaa cha kichwa kimelegea. Wapishi aliowakodi walikuwa wamepata ajali ya gari njiani wakitoka Himo. Hakuna aliyeumia vibaya, lakini hawaji. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Wageni walitegemewa saa nane.

Alimwangalia Msimamizi, kisha Mpishi. Naona hakuwa amepanga atasema nini.

"Shikamoo, kaka," akamwambia Mpishi, ambaye hakuwahi kumsalimia kabla.

"Marahaba. Wageni wangapi?"

"Mia mbili."

Mpishi akafunga aproni. Msimamizi akamvuta pembeni. Nilimsikia akisema sherehe ile ina bia na mbege, na nyumbani kwetu kuna watu walioacha kwa wiki tano tu. Mpishi akarudi kwa Mama Neema.

"Nitakuja na watu wangu wote. Ninaomba kitu kimoja. Kreti za bia na pipa la mbege vihamie upande wa pili wa nyumba. Nisivione na wasivione."

Mama Neema akageuka, akaingia kwake, na tulipochungulia juu ya ukuta tukamwona akibeba kreti ya kwanza mwenyewe, akiwa na gauni lake la sherehe.

Sijawahi kufanya kazi kama siku ile. Mpishi alitupanga kama kambi. Mimi niliwasha na kulinda moto, kwa kuwa moto naujua. Aminieli alikata vitunguu, debe zima, na Mpishi alipita akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha, akaenda zake. Wengine walichambua mchele, wakamenya ndizi, wakageuza ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayepelekwa mbele ya wageni akiwa na majani mdomoni. Msimamizi mwenyewe, mama wa sheria, alikaa kwenye kigoda akisugua sufuria na kumwangalia kila mmoja wetu machoni kila nusu saa.

Upepo ulipogeuka, harufu ya mbege ilitufikia. Tuliisikia wote kwa pamoja, mikono ilisimama. Mpishi akaanza kuimba. Aliimba ule wimbo wake wa siku zote kwa maneno yake mabovu, kwa nguvu, mpaka wageni wa kwanza chini ya turubai wakaanza kuitikia kwa maneno sahihi, naye akakataa kuwafuata. Tukacheka. Mikono ikaendelea.

Saa nane na nusu chakula kilitoka. Pilau, machalari, nyama ya rosti, kachumbari, na kiburu kwa ajili ya wazee. Tulikula nyuma, kwenye moto, tukisikiliza vijiko. Kisha tukasikia mshereheshaji akimpa Mama Neema kipaza sauti. Alishukuru Mungu, mchungaji, walimu wa mwanae.

"Na waliopika," akasema, "ni majirani zangu. Naomba waje mbele."

Tulitazamana. Tulinuka moshi. Aminieli alikuwa amevaa shati langu. Mpishi alivua aproni iliyochafuka, akavaa nyingine aliyoikunja mfukoni, iliyopigwa pasi. Muziki ukawekwa, na ikabidi twende tukicheza, kwa mstari, yeye mbele na mwiko mkononi, sisi wanane nyuma, na Msimamizi mwisho akihesabu vichwa. Watu walisimama. Binti wa kipaimara akamlisha Mpishi keki, naye akala kipande chote kwa mara moja, kisha akamwambia kwa sauti iliyofika hadi kwetu, "Nzuri. Lakini imekosa limau."

Miezi mitatu ilipoisha hakuna aliyeitisha kikao. Mama Neema alianza kututumia maziwa, ingawa tulikuwa na ng'ombe.

Mimi niliondoka Shirimatunda baada ya miezi minane. Nilikwenda kuanza maisha Kahe, karibu na binti yangu. Nilikodi kibanda, nikachomelea mageti, matela ya baiskeli, milango ya mifereji ya umwagiliaji. Mke wangu alirudi taratibu: kwanza Jumapili moja moja, akikaa mlangoni na mkoba mapajani, kisha siku moja akauacha mkoba. Sitasema zaidi, hayo ni yake pia. Mpishi nilimpigia simu mara kwa mara. Alistaafu kwa sababu ya goti, akarudi Mwika kwenye kahawa na migomba yake. Kila nikimwuliza hali, alisema ana shughuli nyingi, hana nafasi ya kuzungumza, kisha akazungumza saa nzima.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya joto kali la Januari, nilikuwa natengeneza mlango wa mfereji jirani na chemchemi moja hapa Kahe, maji safi kama kioo ambapo watu huja kuogelea. Nikasikia sauti ninayoijua ikigombana na mtu.

Mpishi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, amevaa bukta ya bluu na kofia ya sufu ya mlimani, mbele ya mtu mwingine aliyekuwa akimfundisha kuogelea. Kando ya maji walikaa wanaume watano nisiowajua, wakazi wapya wa ile nyumba, na Aminieli, ambaye siku hizi ndiye mpishi wao. Aliniona kwanza, akaja kunikumbatia.

"Daktari kamwambia kuogelea kunasaidia goti," Aminieli akanieleza. "Kila Jumamosi anashuka kutoka Mwika, anakuja nasi hapa. Hajui hata kuelea."

"Na yule anayemfundisha?"

Aminieli akapunguza sauti. Yule alikuwa mtu wa Pangani, dereva wa malori, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa na wiki tatu katika nyumba na hakuwa amesema maneno kumi kwa mtu yeyote. Asubuhi ile Mpishi alikuwa amewauliza wote nani anajua maji, na yule bwana akainua mkono.

Nikasogea. Mpishi alikuwa amelazwa chali juu ya maji, shingo imekakamaa, kofia imeloa. Yule bwana alisimama kando yake, viganja viwili chini ya mgongo wa mzee.

"Legeza shingo," alisema.

"Imelegea."

"Haijalegea, mzee. Tazama juu."

Nilisubiri Mpishi apinge kuitwa mzee. Hakupinga. Alitazama juu.

"Usiniachie," akasema.

"Sikuachii."

"Mikono yako inatetemeka."

Yule bwana alitazama mikono yake ndani ya maji, iliyoonekana wazi. "Inatetemeka," akakubali. "Lakini imekushika."

Mpishi alifikiri jambo hilo. Kisha nikaona mabega yake yakishuka, na tumbo likapanda, na miguu yake mirefu ikaja juu polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikatokeza majini. Akaelea. Aliinua kichwa ili avitazame mwenyewe, akazama, akameza maji, akaibuka akikohoa na kumlaumu mwalimu. Yule bwana akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha mtu mkubwa, na wale watano kando ya maji wakageuka kumtazama, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kukisikia.

Mpishi akafuta uso, akaniona.

"Fundi," akasema, bila salamu. "Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi vua viatu. Huyu bwana hana kazi nyingine leo."

Yule bwana akanitazama, akisubiri, maji yakimtiririka ndevuni. Niliweka nyundo yangu kwenye majani, nikavua viatu, nikaingia.